Uzi maalumu: Wi-Fi ina vijiti vyote lakini inaganda. Mwingiliano wa mawimbi kwenye majengo yenye ruta nyingi

#1 FundiMnara

Heshima kwenu wakuu.

Humu jukwaani hapakosekani mtu anayelalamika kwamba Wi-Fi inaonyesha vijiti vyote lakini video inaganda, na karibu kila mara anaambiwa anunue ruta yenye antena nyingi zaidi. Kwenye jengo lenye ruta thelathini ushauri huo unaongeza ugonjwa. Shida ya majengo hayo mara nyingi si uhaba wa mawimbi. Ni mawimbi mengi yanayogombania hewa ileile. Mfano nitakaoushika ni jengo la aina ya Kariakoo au Eastleigh: maduka chini, ofisi katikati, fleti juu, na kila mpangaji ana ruta yake.

Bendi ya 2.4 GHz inaanzia 2400 hadi 2483.5 MHz. Chaneli zimepangwa kila baada ya 5 MHz: katikati ya chaneli 1 ni 2412, ya 6 ni 2437, ya 11 ni 2462. Lakini Wi-Fi ikirusha inachukua upana wa 20 MHz, yaani inakanyaga chaneli mbili za kila upande. Ndiyo maana zinazokaa pamoja bila kupandana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja vinasikilizana. Kila kimoja kinasikiliza kabla ya kurusha, na kikisikia mwanzo wa pakiti (kipande cha data) ya mwenzake, hata ikiwa hafifu ya -82 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; -82 ni hafifu kuliko -62), kinanyamaza kisubiri zamu. Ni foleni ya bombani: maji ni yaleyale, mnagawana, lakini hakuna anayemwaga ndoo ya mwenzake. Chaneli zinazopandana nusunusu hazina hata foleni hiyo. Ruta iliyo chaneli 8 haizielewi pakiti za chaneli 6. Kwake ni kelele tu, na kwa kelele isiyoeleweka kifaa hunyamaza pale tu inapofika -62 dBm. Kati ya -82 na -62 kuna desibeli 20, tofauti ya mara 100 kwa nguvu. Jirani anayesikika kwa -70 utamrukia akiwa katikati ya kurusha, pakiti zenu zote mbili zitaharibika, zitarushwa upya, na foleni itazidi kurefuka.

Kwa hiyo anayehamia chaneli 3 au 8 kwa sababu "iko wazi" anajiumiza na anawaumiza majirani wa pande zote mbili. Afadhali ukae chaneli 6 na watu watano kuliko kukaa chaneli 8 peke yako.

Kanuni ya pili: kwenye 2.4 GHz upana wa chaneli uwe 20 MHz, basi. Ukiweka 40 umekula chaneli mbili kati ya tatu zilizopo. Ruta nyingi zinakuja na setingi ya "20/40 otomatiki". Ingia uiwekee 20 kwa mkono.

#2 Mwanakombo

Shukrani mkuu, umeeleza vizuri. Swali: tunapimaje? Nimeweka programu ya kuchora chaneli kwenye simu ya Android, inaonyesha milima mingi imepandana, lakini sioni chaneli ipi ina nafuu. Zote tatu zimejaa. Kompyuta zangu ni Windows na moja ya Linux.

#3 FundiMnara

Dada Mwanakombo, ile milima inakuonyesha nani yupo na anasikika kwa nguvu gani. Haikuonyeshi anatumia hewa kiasi gani. Ruta kumi zilizolala ni nafuu kuliko mbili zinazopakua filamu mchana kutwa. Unachotakiwa kupima ni asilimia ya muda ambao chaneli imeshikwa.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

netsh wlan show networks mode=bssid

Utapata orodha ya ruta, chaneli na nguvu kwa asilimia. Kubadili asilimia kuwa dBm, gawanya kwa mbili kisha toa 100: asilimia 60 ni kama -70 dBm.

Kwenye Linux ndiko kwenye utamu. Kwanza:

sudo iw dev wlan0 scan

(wlan0 badilisha kwa jina la kadi yako). Kwenye matokeo tafuta mstari wa BSS Load. Ruta inayoutangaza inakuambia yenyewe chaneli yake imeshikwa kiasi gani, kwa kipimo cha 255. Ukiona 128/255 ujue ni nusu ya muda. Kisha:

iw dev wlan0 survey dump

Hii inatoa kwa kila chaneli muda iliosikilizwa, muda iliokuwa imeshikwa, muda wa kupokea na muda wa kurusha, vyote kwa milisekunde. Si kila kadi inatoa namba hizi. Ruta zenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) na chipu za Atheros au MediaTek kwa kawaida zinatoa. Hesabu zinajumlishwa tangu kadi iwashwe, kwa hiyo chukua vipimo viwili vilivyopishana dakika mbili, toa cha kwanza kwenye cha pili.

Mfano: katika milisekunde 120,000 chaneli imeshikwa 78,000, imepokea 21,000, imerusha 6,000. Kushikwa ni asilimia 65. Kupokea na kurusha kwa pamoja ni 27,000 tu. Zile 51,000 zilizobaki ni nguvu iliyosikika bila kueleweka kama Wi-Fi. Hapo usihangaike na chaneli za majirani walio pamoja nawe. Tafuta kitu kisicho Wi-Fi, au ruta iliyokaa kwenye chaneli ya katikati inayokupanda nusu. Lakini ukikuta muda wa kupokea unakaribia muda wa kushikwa, basi ni foleni halali ya Wi-Fi, na dawa yake ni kupunguza msongamano.

Kwa kazi za kila siku mimi nachukulia hivi: chini ya asilimia 30 hewa ni safi, ikivuka 50 simu za sauti na video zinaanza kukatakata, ikifika 80 hata ujumbe mfupi unasuasua. Pima saa ya biashara na saa mbili usiku, si asubuhi ya Jumapili.

#4 Kipanga

Naongezea jambo ambalo wengi hawalihesabu: matangazo ya jina la mtandao. Kila jina la Wi-Fi unalofungua linatangazwa kila baada ya milisekunde 102.4, atumie mtu asitumie. Na linatangazwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa kwenye ruta, ambayo kwenye 2.4 GHz kwa kawaida ni 1 Mbps.

Piga hesabu. Tangazo la baiti 250 ni biti 2,000. Kwa 1 Mbps hiyo ni milisekunde 2, na ukiongeza utangulizi wa milisekunde 0.19 inafika 2.2. Kwa kila 102.4 hiyo ni kama asilimia 2.1 ya hewa. Ruta 30 zikigawanywa sawasawa kwenye chaneli tatu ni kumi kwa chaneli, asilimia 21 imekwisha kabla mtu yeyote hajafungua ukurasa. Kila mmoja akiwa na jina la pili la wageni, ni 42.

Tangazo hilohilo kwa 6 Mbps linachukua milisekunde 0.36 hivi, yaani asilimia 0.35. Umeshusha mzigo mara sita kwa kubadili setingi moja. Kwa hiyo:

Zima kasi za zamani za 1, 2, 5.5 na 11 Mbps, kasi ya chini iwe 6 au 12. Akses pointi (vifaa vya kurusha Wi-Fi) za ofisini karibu zote zina setingi hiyo. Ruta za bei nafuu za nyumbani nyingi hazina, ila kuna zinazokuruhusu kuondoa hali ya "b" (Wi-Fi ya kizazi cha zamani) ukabaki na g/n, na matokeo ni yaleyale. Kabla hujafanya hivyo kagua vifaa vikongwe: skana za msimbopau na printa za zamani zinazojua "b" peke yake zitapotea mtandaoni.

Majina ya mtandao yasizidi mawili kwa kila redio, matatu ukibanwa sana. Kuficha jina hakusaidii chochote, tangazo linaendelea kurushwa likiwa na jina tupu.

Na printa! Printa nyingi zinarusha mtandao wake zenyewe unaoanza na DIRECT. Kama imeunganishwa kwa kebo au ipo tayari kwenye ruta yako, ingia kwenye menyu ya printa uuzime.

#5 Pweza

Wakuu, huku kwetu chaneli 12 na 13 zinaruhusiwa, si kama Marekani. Kwa nini tusitumie mpango wa 1, 5, 9, 13? Wi-Fi ya sasa inachukua 20 MHz kamili, na kutoka 2412 hadi 2432 ni 20 hasa. Tunapata chaneli nne badala ya tatu.

#6 Kipanga

Kaka Pweza, hesabu yako ni sahihi, na kwenye jengo ambalo wewe ndiye mwenye ruta zote na hakuna jirani anayesikika, mpango huo unafanya kazi. Kambi ya mgodi, shule iliyojitenga, hoteli ya kisiwani. Kwenye jengo la wapangaji haufai. Ruta za watu zinatoka kiwandani zikichagua 1, 6 au 11. Ukikaa 5 unapandwa na 6 kwa robo tatu ya upana, na hakuna anayemwelewa mwenzie. Ukikaa 9 unawagusa wa 6 na wa 11 kwa pamoja. Ni lilelile tatizo la post #1.

Tena simu na kompyuta zilizonunuliwa Marekani mara nyingi haziioni kabisa chaneli 13. Mgeni atakuja hapati mtandao, na wewe utahangaika kutafuta nenosiri lililokosewa.

#7 FundiMnara

Kipanga amemaliza. Sasa twende 5 GHz, maana huko ndiko uponyaji ulipo. Ukiondoa chaneli za rada (zitakuja baadaye) una 36, 40, 44, 48, kisha 149, 153, 157, 161 na 165. Orodha inategemea nchi, kwa hiyo weka nchi yako halisi kwenye ruta na ufuate inachokupa. Hizo ni chaneli tisa za 20 MHz. Ukizitumia kwa 40 zinabaki nne. Kwa 80, ambayo ndiyo setingi ya kiwandani kwenye ruta nyingi, zinabaki mbili tu kwa jengo zima!

Upana mkubwa una gharama nyingine. Kila unapozidisha upana mara mbili unakaribisha kelele mara mbili, yaani 3 dB. Kelele ya asili ya kifaa cha kawaida kwa 20 MHz iko karibu na -95 dBm, kwa 40 ni -92, kwa 80 ni -89. Simu iliyo chumba cha tatu inayopokea -70 ilikuwa na nafasi ya 25 dB juu ya kelele, ambayo inatosha kwa kazi nzuri. Kwa 80 MHz imebaki na 19. Kasi inayoandikwa kwenye boksi la ruta inapimwa mkiwa wawili tu chumbani.

Ushauri wangu kwa jengo la namna hii: 20 MHz kama mmesongamana, 40 kama mnasikia ruta chini ya kumi kwenye 5 GHz, 80 waachieni wenye nyumba iliyojitenga.

Halafu nguvu ya kurusha. Hapa najua nitapingwa lakini nasisitiza: PUNGUZENI. Simu inarusha kwa kama 12 hadi 15 dBm. Ruta yako ikirusha 23, simu iliyo ngazi mbili chini inaona vijiti vyote kwa sababu inaisikia ruta, lakini ruta haiisikii simu. Kila pakiti inarudiwa mara kadhaa kwa kasi ya chini, na muda huo wote majirani wananyamaza wakisubiri. Weka 2.4 GHz kati ya 8 na 11 dBm kwa fleti ya vyumba viwili au vitatu, na 5 GHz kati ya 14 na 17. Kutoka 20 kwenda 11 umepunguza nguvu hadi moja ya nane, na ndani ya fleti hutaona tofauti. Utakayemfurahisha ni jirani wa juu, naye akifanya hivyo unafurahi wewe. Redio ya 5 GHz ikizidi ya 2.4 kwa hizo desibeli sita, simu nazo zitaipendelea zenyewe.

Ruta za nyumbani hazionyeshi dBm, zina "juu, wastani, chini" au asilimia. Anza na wastani, pima kwenye pembe ya mbali zaidi ya fleti: ukipata -67 au bora zaidi, inatosha kwa simu ya sauti. Ukipata -50 kila mahali, shuka tena.

Ruta isiwe kwenye kabati la chuma wala nyuma ya televisheni. Ukuta wa zege wenye nondo unaweza kula 10 hadi 20 dB, na huo ukuta ni rafiki yako kama ruta ipo upande wako wa ukuta.

#8 Mwanakombo

Hapo kwenye ukuta ndipo nilipokwama. Fleti ni ndefu, chumba cha mwisho kinapata -80. Nikipunguza nguvu si ndio kitakufa kabisa? Nilikuwa nataka kuweka ripita.

#9 FundiMnara

Ripita (kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele) inayopokea na kurusha kwenye redio ileile inairusha kila pakiti mara mbili kwenye chaneli ileile. Kasi inakatika nusu, na hewa ya majirani wako pia. Ukiweza, vuta kebo ya Cat5e au Cat6 hadi chumba cha mwisho, uweke akses pointi ndogo kwenye chaneli tofauti na ya kwanza. Kebo inafika mita 100. Chukua yenye waya wa shaba halisi. Ile ya alumini iliyopakwa shaba inakatika ovyo kwenye kona na inapoteza umeme kama unapitisha PoE (umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao).

Akses pointi mbili zenye jina moja na nenosiri moja, kila moja kwa nguvu ndogo, zinashinda moja yenye nguvu kubwa. Kwako kwa mfano: sebuleni 2.4 kwenye chaneli 1 na 5 GHz kwenye 36. Chumba cha mwisho 2.4 kwenye 11 na 5 GHz kwenye 149. Kama kebo haiwezekani kabisa, tafuta seti ya meshi yenye redio ya tatu kwa ajili ya kuongea zenyewe, ili watumiaji wabaki na redio zao.

#10 Tausi

Naomba niingie upande wa vifaa visivyo Wi-Fi, maana kwenye namba za survey pale juu ndivyo vinavyojificha kwenye zile 51,000.

*Maikrowevu.* Inafanya kazi karibu na 2.45 GHz kwa nguvu ya 700 hadi 1,000 W. Uvujaji mdogo unaokubalika kiafya bado ni mkubwa ukilinganisha na ruta ya 0.1 W. Kwenye umeme wetu wa 50 Hz, maikrowevu ya kawaida inarusha kama nusu ya kila mzunguko wa milisekunde 20, ndiyo maana mtandao haufi kabisa, unakatakata. Mara nyingi inaumiza zaidi chaneli za juu, kwa hiyo ruta iliyo karibu na jiko iwe chaneli 1, na simu zihamie 5 GHz.

*USB 3.0.* Hili linawasumbua watu bila kujua. Kebo na plagi za USB 3.0 zinatoa kelele inayoangukia kwenye 2.4 GHz, Intel walitoa waraka mwaka 2012 wakionyesha kelele ikipanda kwa karibu 20 dB karibu na kifaa. Ukichomeka hadidiski ya nje kwenye kompyuta na kifunguo (kipokezi kidogo cha USB) cha kipanya kisicho na waya pembeni yake, kipanya kitarukaruka. Ukichomeka hadidiski nyuma ya ruta, 2.4 GHz yake inakuwa kiziwi. Dawa: hamishia kifunguo kwenye tundu la USB 2.0 kwa kebo ya kurefusha ya nusu mita hadi mita moja, na ruta kama ina setingi ya kushusha tundu lake kuwa USB 2.0, ishushe.

*Bluetooth.* Ile ya spika na vipokea sauti inaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye chaneli 79 za 1 MHz, na inajifunza kukwepa zilizojaa. Vifaa vidogo vya nishati ndogo vinatumia chaneli 40 za 2 MHz, na tatu za kujitangazia zipo 2402, 2426 na 2480. Angalieni hizo namba: zimewekwa makusudi kwenye mapengo ya 1, 6 na 11. Anayeweka Wi-Fi yake chaneli 3 au 4 anaikalia 2426, halafu analalamika saa yake ya mkononi haionekani.

*Zigbee.* Taa na vihisi vya kisasa. Chaneli zake ni 11 hadi 26, na namba hizo hazifanani na za Wi-Fi hata kidogo. Chaneli 11 ni 2405 MHz, kisha unaongeza 5 kwa kila moja. Ya 15 ni 2425, ya 20 ni 2450, ya 25 ni 2475. Hizo zinakaa kwenye mapengo. Ya 26 iko wazi zaidi lakini vifaa vingi vinapunguza nguvu huko au haviitumii. Mimi naweka 25 kama jengo lina watu wengi kwenye 1 na 6. Chagua kabla hujaunganisha vifaa, kwa sababu ukibadili baadaye vingine vitagoma kurudi na itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja.

*Kamera na virusha picha vya analogi vya 2.4 GHz.* Hivi ndivyo vibaya kupita vyote. Vinarusha mfululizo bila kusikiliza mtu. Wi-Fi iliyo karibu inasikia zaidi ya -62 na inanyamaza siku nzima. Ukiona chaneli imeshikwa asilimia 90 na muda wa kupokea ni karibu sifuri, usiku na mchana, ulizia kamera dukani kwa jirani. Badala yake aweke ya kebo.

#11 Ngalawa

Mada safi sana. Kwa wanaounganisha majengo kwa redio za nje za 5 GHz, kuna mambo ya ziada.

Anza kwenye karatasi. Umbali wa kilomita 5 kwa 5.5 GHz unapoteza 121 dB njiani. Ukiwa na dishi zinazokuza mawimbi kwa 25 dBi pande zote na ukirusha 10 dBm tu: 10 + 25 + 25 − 121 = -61 dBm. Inatosha kabisa. Ukifunga ukakuta -72, usipandishe nguvu. Desibeli 11 zimepotea mahali: dishi haijalenga, umeshika mkia wa pembeni wa mawimbi, au kuna mti au bati kwenye njia. Kwa umbali huo katikati ya njia unahitaji uwazi wa mita 5 kuzunguka mstari (asilimia 60 ya mita 8.3, ambayo ndiyo nusu kipenyo cha eneo yanamopita mawimbi hapo katikati). Kuona upande wa pili kwa macho peke yake hakutoshi.

Dishi nyembamba ni dawa ya mwingiliano kuliko chaneli yoyote, kwa sababu haisikii yaliyo pembeni. Antena ya sekta, inayofunika digrii 90, juu ya paa la mjini inasikia mji mzima. Redio mbili kwenye mlingoti mmoja ziachane angalau mita moja hadi mbili kwa wima, zisitazamane migongo kwa chaneli zinazopakana, na zote zifungwe kebo yenye ngao iliyounganishwa na ardhi.

Wenye wateja wengi kwenye mnara mmoja: wateja wawili wasiosikiana watarusha kwa wakati mmoja na kugongana mnarani. Usikilizaji wa kawaida wa Wi-Fi haulitatui hilo. Tumieni hali ya zamu za muda, ambayo Ubiquiti na Cambium wanayo, na minara yenu ilinganishwe saa kwa GPS ili yote irushe pamoja na kupokea pamoja.

#12 Pweza

Mkuu Ngalawa, kuna mafundi wanaweka nchi nyingine kwenye redio ili kupata chaneli zote bila kusubiri rada. Inafanya kazi kweli, redio inawaka papo hapo. Ubaya wake ni nini?

#13 Ngalawa

Ubaya ni mkubwa, ndugu yangu, na naomba lisifanywe.

Chaneli 52 hadi 64 na 100 hadi 144 tumepewa kwa sharti la kumpisha mwenye rada. Redio inasikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha, na kwa kanuni za Ulaya dakika 10 kwenye 5600 hadi 5650 MHz, kwa sababu hapo ndipo rada za hali ya hewa zilipo. Ikigundua rada inapewa sekunde 10 kuondoka, na hairudi hapo kwa dakika 30. Rada ya hali ya hewa inapokea mwangwi hafifu mno kutoka kwenye mvua. Redio yako ya paa inachora mstari mnene kwenye skrini yao kuelekea kwako, na nyuma ya mstari huo hawaoni mvua. Mwaka 2009 rada ya uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico, iliyowekwa kuona pepo hatari kwa ndege zinazotua, iliingiliwa na redio za nje za 5 GHz za namna hii, na serikali ya Marekani ilizifuatilia moja moja. Mstari ule kwenye skrini unaelekeza hadi kwenye paa lako, hakuna cha kujificha.

Kama uko karibu na uwanja wa ndege au bandari, kwepa 120, 124 na 128 moja kwa moja, na ukitumia 40 MHz kwepa pia 116, kwa sababu inaunganishwa na 120. Ukiona redio inahama chaneli kila siku saa zilezile, soma kumbukumbu zake: ikiandika rada kwenye 100, hamia 132. Na kwa viungo vya nje vya biashara ulizia masharti ya TCRA, Tanzania, au, Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano, kabla hujapanda mnara.

#14 MwanaUkumbi

Samahani kama natoka kidogo nje. Chini ya jengo letu kuna ukumbi wa sherehe, maikrofoni nne zisizo na waya za UHF. Moja moja zinafanya kazi safi. Zikiwaka zote zinaanza kukwaruza. Fundi anasema ni Wi-Fi za juu.

#15 Tausi

Si Wi-Fi. UHF ya maikrofoni ipo 500 hadi 700 MHz hivi, mbali mno na 2.4 GHz. Dalili ya "moja moja ni nzuri, zote pamoja mbaya" ni maikrofoni zenyewe kwa zenyewe. Visambazaji viwili vikikaribiana vinazaa masafa ya tatu: mara mbili ya la kwanza toa la pili. Ukipanga kwa hatua sawa, 600.0, 600.4 na 600.8, basi 2 × 600.4 − 600.0 = 600.8. Zile mbili za kwanza zinampiga wa tatu usoni.

Hatua zisiwe sawa. Seti hii ya nne haijipigi: 600.0, 600.4, 601.2 na 602.8. Piga hesabu zote za namna hiyo uone, kila zao linaangukia angalau 0.4 MHz mbali na maikrofoni yoyote. Unaweza kuihamisha nzima juu au chini kulingana na maikrofoni zako, mradi tofauti zibaki 0.4, 0.8 na 1.6.

Kabla ya kuchagua mahali, zima maikrofoni zote, washa vipokezi, uzungushe masafa uone wapi kuna nguvu. Chaneli ya televisheni ya kidijitali inajaza 8 MHz nzima; 600 hadi 602.8 zipo ndani ya chaneli 37, inayoanzia 598 hadi 606, kwa hiyo hakikisha haitumiki mjini kwako. Kisha angalia lebo. Kama maikrofoni zinaandika juu ya 694 MHz, ni za zama za analogi. Dar es Salaam ilizima analogi tarehe 31 Desemba 2012, na masafa ya juu ya 694 yamehamishiwa simu. Hizo hazina kupangwa upya, badilisha.

#16 MwanaUkumbi

Zinaandika 590 hadi 620, asante sana dada. Vipokezi vipo kwenye rafu moja na ruta, pembeni ya jukwaa. Kuna shida?

#17 Tausi

Vitoe hapo. Kisambazaji kisiwe karibu na antena za vipokezi kwa chini ya mita 3, na pembeni ya jukwaa mwimbaji atakuja kusimama mbele yake. Antena ziwe juu ya vichwa vya watu, zione jukwaa, ziachane angalau sentimita 25 ambayo ni nusu ya wimbi kwa 600 MHz. Ruta na swichi ziachie rafu yake, adapta zake za umeme zinatoa kelele kwa vilivyo karibu.

Washa vyote vinne, viwe sentimita 50 kutoka kimoja hadi kingine, kisha mtu atembee na kimoja hadi mlango wa mwisho huku mwingine akiangalia taa za kipokezi. Rudia kwa kila kimoja. Kikishuka mahali fulani, jaribu kusogeza antena kabla hujagusa masafa.